Mboga ya Mchangani

Nataka kuwaeleza ndugu wasomaji habari za mboga moja ambayo haipandwi na mtu, haipaliliwi na mtu, wala haina bei katika soko la Bariadi. Walimu wenzangu wameandika habari za pamba, za mpunga na za ng'ombe, nao wameandika vema. Lakini kwa kuwa katika kijiji chetu mboga hii imekwisha kuingia katika mashauri, hata watu wazima wakasimama mkutanoni, wengine kuitetea na wengine kuicheka, naona yafaa aijuaye aiseme.

Kwanza sharti nieleze nchi ilivyo, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, sehemu kubwa ikikatwa katika Mkoa wa Shinyanga, na Busega katika Mkoa wa Mwanza. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na katika hizo ni Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria, upande wa Ghuba ya Speke. Huko Lamadi wana ufuo wa kweli, wenye mchanga na mawimbi na mitumbwi. Sisi tulio ndani zaidi hatuna ufuo ila wa mito. Mto Simiyu, na mto Duma uingiao ndani yake, wakati wa masika hujaa na kunguruma hata mtu hathubutu kuvuka. Mvua zikiisha mwezi wa Mei maji hupungua siku kwa siku, na mwisho hubaki vidimbwi na mchanga mtupu, mpana, mweupe, ambao mgeni akiuona angedhani bahari ilikuwa hapa ikahama. Maji hayakwisha, yamejificha chini. Wanawake huchimba visima katika mchanga huo, na ng'ombe hunyweshwa hapo hapo.

Basi katika kingo za mchanga huo, mahali mafuriko yalipopita na unyevu ungali chini, ndipo mboga yangu huota. Hutambaa chini, wala haina haja ya kuinua kichwa. Shina lake ni nene, laini, lenye wekundu. Majani yake ni madogo, manene, yenye umbo la kijiko, na ukiyabana kwa vidole hutoa maji, kwa kuwa katika sehemu mia za jani zaidi ya tisini ni maji matupu. Ua lake ni la manjano, nalo hufunguka jua likipanda na kufumba baada ya muda mchache. Tunda lake ni kitu cha kuchekesha: ni kama chungu kidogo chenye kifuniko, nacho likiiva kifuniko hung'oka chenyewe na kumwaga mbegu nyeusi ndogo mno. Mmea mmoja ulionawiri waweza kutoa mbegu zaidi ya laki moja, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja zamu yao.

Wenye elimu ya mimea huuita Portulaca oleracea, jina alilolipa Linnaeus mwaka 1753. Husemwa kwamba neno la kwanza ni la Kilatini, maana yake mlango mdogo, kwa sababu ya kile kifuniko. Na la pili maana yake ni mboga ya jikoni. Waswahili wa pwani huuita danga, tena wana jina jingine, tako la hasani, ambalo mwalimu hulitamka mara moja mbele ya darasa kisha akapita upesi kwenye somo lifuatalo. Bibi yangu aliyenilea hakuwa na haja ya majina hayo yote. Aliiita mboga ya mchangani, nami nitaiita hivyo.

Asiyeijua asikimbilie kuchuma. Iko mimea miwili mitatu inayotambaa vivyo hivyo, na mmojawapo ni wa sumu. Alama aliyonifundisha bibi ni hii: vunja shina, utazame. Likitoka tone jeupe kama maziwa, tupa, kanawe mikono. Mboga ya mchangani haina utomvu mweupe hata kidogo, hutoa maji tu. Kuna mwingine wenye majani mapana zaidi na ua la waridi, ambao mchanga wake huliwa na baadhi ya watu, lakini ukizeeka huharisha. Bibi hakuuchuma kabisa, nami namfuata.

Jambo moja katika mafundisho ya bibi lilinishangaza tangu utoto. Alikataza kuchuma asubuhi. Alisema mboga ya asubuhi ina uchachu utakaokunja uso wa mtu, na ya jioni ndiyo ya chungu. Mimi nilidhani ni mwiko tu wa wazee, kama ile ya kutopiga mluzi usiku. Hata nilipokuwa mwalimu nikasoma habari za mimea, nikaikuta sababu imeandikwa wazi. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kwa vitundu hivyo hivyo hupoteza maji. Mmea huu, ukishikwa na kiu, hugeuza desturi: hufungua vitundu usiku, kukiwa na baridi, na hewa ile huiweka akiba ndani ya jani kwa namna ya asidi. Kukicha jani limejaa uchachu. Jua likiwaka hufunga vitundu na kuitumia akiba ile kutengeneza chakula chake, hata jioni uchachu umekwisha pungua. Basi mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameyaonja kwa ulimi wake yale ambayo wataalamu waliyapima kwa vyombo.

Niliyafanya haya kuwa somo la darasa la tano. Nilileta majani yaliyochumwa alfajiri, kila mtoto akaonja jani moja, na nyuso zikakunjamana. Saa kumi jioni nikaleta mengine ya mahali pale pale. Mtoto mmoja alisema kwa hasira kwamba nimeleta mmea mwingine ili kuwadanganya, ikanibidi niende naye mtoni siku ya pili, asubuhi na jioni, achume kwa mkono wake. Somo hilo hawajalisahau, japo la mafungu ya sentensi wamelisahau wote.

Kupika kwake si kazi kubwa. Huchumwa ncha tu, nazo huoshwa mara tatu kwa ajili ya mchanga, maana chembe moja ya mchanga katika jino yaweza kuharibu mlo mzima. Huchemshwa punde, maji ya kwanza humwagwa, kisha hutiwa maziwa mgando na chumvi, au karanga zilizotwangwa, ikaliwa kwa ugali wa mtama. Ina utelezi kidogo, si kama mlenda lakini ni jamaa yake. Bibi alipenda ya maziwa, na hapa pia naona alikuwa na elimu yake. Majani haya yana asidi iitwayo oksaliki, nyingi, ile ile iliyomo katika mchicha, nayo ikizidi mwilini ni mbaya, hasa kwa mwenye ugonjwa wa mawe ya figo. Huyo na aiache. Kumwaga maji ya kwanza huondoa sehemu yake. Na chokaa iliyomo katika maziwa huikamata nyingine isipate kuingia katika damu. Upande wa faida, mboga hii ina mafuta ya namna moja yaliyo jamaa ya yale ya samaki, yenye manufaa kwa moyo, nayo yamo humo kwa wingi kuliko katika mboga nyingi za majani. Kwa watu walio mbali na ziwa si jambo dogo.

Ila kasoro yake moja kubwa kwa Msukuma ni kwamba haikubali kuwekwa akiba kwa urahisi. Sisi ni watu wa kukausha. Viazi vitamu tunavikata vibichi na kuvianika vikawa michembe, au tunavichemsha kwanza na kuvianika vikawa matobolwa. Na majani ya kunde tunayaanika yakawa nsansa ya kula kiangazi. Mboga ya mchangani ukiing'oa na kuianika juani haifi. Hukaa siku nyingi ingali hai, hutoa maua, huivisha mbegu juu ya jiwe, na mvua ikinyesha hutia mizizi tena. Sharti uichemshe kwanza ndipo ikubali kukauka. Wapalilia pamba wanaijua tabia hiyo nao wanaichukia, maana huilima leo na kesho kutwa wakaikuta imeshika ardhi pale walipoitupa.

Nisimalize bila kusema kwamba mmea huu ni msafiri. Katika Lebanoni na Shamu huliwa mbichi katika kachumbari iliyochanganywa na vipande vya mkate, iitwayo fattoush. Mexico huuzwa sokoni mafungu mafungu, nao hupikwa pamoja na nyama ya nguruwe. Yule Mmarekani Thoreau, aliyekwenda kukaa peke yake karibu na ziwa dogo, aliandika katika kitabu chake kiitwacho Walden, kilichotoka mwaka 1854, jinsi alivyoridhika kwa mlo wa mboga hii aliyoichuma katika shamba lake la mahindi. Waarabu wana jina ambalo mimi nalipenda kupita yote: waliiita mboga pumbavu, kwa kuwa huota katika njia za watu na katika mikondo ya mafuriko, mahali ambapo kila mwenye akili angekataa kuweka mizizi. Aliyetoa jina hilo bila shaka alikuwa na mto kama wetu.

Tena anao mwenzake wa baharini. Nilipopelekwa Bagamoyo kwa mafunzo ya walimu, nilitembea ufuoni jioni nikaona mmea unatambaa juu ya mchanga mpaka karibu na maji ya chumvi, wenye majani manene na mashina mekundu. Moyo wangu ulifurahi kama mtu aliyemwona ndugu ugenini. Nikainama nikavunja jani, nikaonja: chumvi tupu. Na ua lake si la manjano, ni la waridi. Huo ni Sesuvium portulacastrum, jina ambalo lenyewe lakiri kwamba unafanana na ule wetu bila kuwa ndio. Nao pia huliwa, ila hupaswa kuchemshwa na kubadilishiwa maji ili chumvi ipungue. Huko Ufilipino huutia katika siki wakaula kama achari. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu aliniuliza, "Mwanangu, bara hamna mboga hata waja kula ya kaa?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, ipo, ila ya kwetu haikutiwa chumvi." Akacheka mno.

Sasa niyafikie mashauri yenyewe.

Mboga hii kwetu ina fedheha. Huitwa mboga ya njaa. Wazee wanakumbuka ukame wa mwaka 1974, ulioikumba nchi nzima hata Serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi ng'ambo. Bibi alisema mwaka huo mchanga wa mto uliwalisha kuliko shamba. Kitu kilichokuokoa wakati wa dhiki hutaki wageni wakikute chunguni wakati wa neema. Watoto nao wamerithi fedheha hiyo bila kuirithi njaa yenyewe. Msichana mmoja wa shule yetu alikuja na chakula katika kopo, wenzake wakakifunua wakaona mboga ya mchangani, wakamwimba siku tatu. Mimi naona kosa la mboga hii si umaskini wake, ila ni kwamba haiuzwi. Siku mtu wa mjini atakapoifunga mafungu na kuipa bei, hao hao wataitaka.

Mama wa msichana yule ni mjane, ana watoto wanne. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo nisilolijua, ingawa mimi ndimi mwalimu. Siku moja nilimkuta mtoni jua likishuka. Nikamsalimu, "Mwadila mayu," akaitika. Nikamwuliza kwa nini anatembea mwendo wa saa nzima mpaka mtoni, na hali mboga hiyo hiyo imejaa katika mashamba ya pamba mlangoni pake. Akaniambia, "Mwalimu, ile ya shambani imenyweshwa dawa." Kisha akanieleza habari za jirani yake, ambaye watoto wake wawili walitapika usiku kucha baada ya kula mboga iliyochumwa katika pamba iliyopuliziwa dawa juzi yake, wakachukuliwa zahanati, na kwa bahati njema walipona. Simiyu ni mkoa wa pamba. Pamba ina wadudu, na wadudu wana dawa, nayo dawa ya wadudu haichagui jani. Kuosha mara tatu huondoa mchanga, hakuondoi sumu. Kwa hiyo wanawake wenye akili wameiacha ya shambani wakashika njia ya mto, ambako hakuna apuliziaye kitu.

Na huko mtoni ndiko yalikokuja magari.

Tangu Bariadi ilipofanywa makao ya mkoa, mji umekua mbele ya macho yetu. Ofisi zimejengwa, nyumba za wafanyakazi zimejengwa, maduka na nyumba za wageni; na jengo lolote lataka mchanga. Mchanga wetu ni mzuri, umeoshwa na mto, hauna udongo. Malori huja tangu alfajiri, vijana hujaza kwa sepetu, na kijiji hupokea ushuru kwa kila lori. Hapo mtu asidhani kwamba nataka kuwalaumu wenye malori. Vijana wale wanaojaza walikuwa wanafunzi wangu, na ujira wa kujaza ndio unaowanunulia wazazi wao mahindi miaka ambayo shamba halikutoa. Tena ushuru ule ndio ulioezeka madarasa mawili ya shule yetu. Ninaandika barua hii chini ya bati lililonunuliwa kwa mchanga.

Lakini mchanga una tabaka. Mbegu ziko juu, katika unene wa viganja vichache. Na sepetu huanzia juu. Mahali palipochimbwa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili hapakuota kitu ila magugu machache ya miiba. Kingo zikabomoka. Visima vya mchangani ambavyo zamani maji yalipatikana kwa kina cha mkono, sasa mtu huingia ndani mpaka mabega. Yule mjane akawa anatembea mbele zaidi kila juma, akifuata mchanga ambao haujaguswa, naye binti yake akaanza kukosa masomo ya jioni kwa kumsindikiza.

Mwaka jana mkutano wa kijiji uliitwa chini ya mkuyu. Mwenyekiti alisoma hesabu za ushuru, watu wakapiga makofi. Ndipo bibi mmoja, mkubwa kuliko wote waliokuwapo, akasimama kwa fimbo yake. Hakusema maneno mengi. Aliuliza tu ni nani kati ya waliopiga makofi ambaye mama yake hakula mchangani mwaka wa sabini na nne. Pakawa kimya. Kijana mmoja akajibu kwa heshima, "Bibi, hatukatai, lakini hatuwezi kuacha kazi kwa sababu ya majani." Wengine wakacheka, wengine wakanung'unika, ikawa zogo. Nikaombwa kusema, kwa kuwa wengi walijua nimefundisha habari zake darasani. Nilisema niliyoyajua: kwamba mbegu ziko juu, kwamba mchanga hurudishwa na mafuriko lakini si upesi kama lori lichukuavyo, na kwamba kisima na mboga vinakaa katika mchanga mmoja. Sikuomba malori yafukuzwe. Niliomba sehemu moja iachwe, kama vile wazee wetu walivyozoea kuacha ngitili ili majani ya malisho yapumzike. Nadhani neno hilo la ngitili ndilo lililowageuza wazee, kwa kuwa lilikuwa lao, si langu. Kila Msukuma ajua kwamba ngitili si kumnyima mtu, ni kuwekea akiba. Na wengi walikumbuka mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, wakati Bariadi ilipokuwa chini ya mkoa huo, jinsi ngitili zilivyorudishwa na miti ikarudi mahali palipokuwa jangwa.

Basi ikakubaliwa hivi: kutoka kwenye mkuyu mpaka kivuko cha ng'ombe, hatua mia tatu, asichimbe mtu tangu mwisho wa mvua hata mwisho wa Septemba. Nilizipima hatua mimi mwenyewe na wanafunzi wawili, tukasimika vijiti. Lori moja liliingia usiku mara mbili. Aliyelileta alitozwa faini, akalipa bila ubishi. Mvua za mwanzo wa mwaka huu zilikuwa kubwa, mto ukachukua vijiti vyote, na mwezi wa Juni, maji yalipoteremka, mboga ilikuwa imetandaa katika hatua zile mia tatu kama mkeka. Nje ya hapo iliota kidogo kidogo tu. Mjane yule sasa hutoka nyumbani saa kumi na moja, naye hurudi kabla ya giza. Binti yake yumo darasani jioni zote.

Wanaochimba mchanga wanasema hatua zangu ni ndefu mno kwa kuwa mimi ni mrefu, na kwamba mia tatu za mtu wa kawaida zingekomea kwenye jiwe jeupe. Katika hilo nakiri wana hoja. Mkutano utakaa tena mwezi wa Agosti, watu wakiisha kuuza pamba, na mwenyekiti ameagiza safari hii tupime kwa kamba. Kamba nimekwisha kuipata. Imebaki kukubaliana ni nani atakayeshika ncha ya pili.